Hakarat hatov: shukrani kama deni la taifa katika dini ya Kiyahudi

"Hakarat hatov" ni Kiebrania, na maana yake neno kwa neno ni kuutambua wema. Wengi huitafsiri "shukrani" wakaishia hapo, na hapo ndipo dhana inapopotea. Shukrani tuliyoizoea huanza moyoni, kisha mdomo ukafuata. Kwa marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, shukrani ni deni: lina kiasi chake, saa yake na maneno yake, na asiyeyasema ipasavyo anarudia.

Kitenzi chenyewe kinaeleza. "Lehodot" ni kushukuru, na pia ni kukiri. Mdaiwa anayekubali mbele ya hakimu kwamba sehemu ya deni ni kweli huitwa "mode". Na Myahudi anayefumbua macho asubuhi husema "mode ani", nashukuru, kwa neno lilelile. Mzizi huo ndio unaohusishwa na jina Yehuda, mtoto wa nne wa Lea. Biblia ya Kiswahili katika Mwanzo 29:35 inamfanya Lea aseme atamsifu Bwana, lakini Kiebrania kinabeba kushukuru pia. Kutoka Yehuda likaja jina la kabila, kisha la ufalme, kisha la Wayahudi wote.

Deni hili ni la taifa pia linaposalimika, na mlango wa kuingilia hapo ni Kumbukumbu la Torati sura ya 8. Mstari wa 10 unaamuru: ukila ukashiba, umhimidi Mungu kwa ajili ya nchi njema aliyokupa. Kisha linafuata onyo. Mtajenga nyumba nzuri, ng'ombe na kondoo wataongezeka, fedha na dhahabu zitajaa, na mtu ataanza kujiambia kwamba nguvu za mkono wake ndizo zilizompatia utajiri. Mwisho wa sura ni kuangamia kama mataifa yaliyotangulia. Angalia kinachoogopwa hapo: jangwa limeshapita, na hatari iliyobaki ni shibe. Amri ya kushukuru kwa chakula imewekwa katikati ya hotuba juu ya uhai wa taifa, na marabi hawakuitoa humo.

Ndiyo maana dua ya baada ya kula, Birkat Hamazon, inamshangaza mgeni. Kwa mujibu wa marabi, aliyekula mkate wa kiasi cha zeituni moja tayari anadaiwa dua nzima, na lazima aisome kabla chakula hakijasagika tumboni. Wengi huhesabu dakika 72. Waliokula pamoja wakifika watatu, mmoja huwaalika wenzake kwanza, ndipo dua ianze. Zipo baraka nne, na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, katika kitabu chake cha Berakhot, ukurasa 48b, inaipa kila moja asili yake. Ya kwanza ni ya chakula, iliyowekwa na Musa mana iliposhuka. Ya pili ni ya nchi, iliyowekwa na Yoshua walipoingia Kanaani. Ya tatu ni ya Yerusalemu, ya Daudi na Sulemani.

Kwa hiyo anayekula kipande cha mkate peke yake jijini London hawezi kushukuru kwa mkate tu. Katika baraka ya pili ni lazima aitaje nchi, pamoja na agano na Torati. Katika ya tatu, ufalme wa nyumba ya Daudi. Akiruka agano au Torati, hata kimoja tu, sheria inamrudisha aanze tena. Lakini akisahau nyongeza ya Hanuka au ya Purimu, sikukuu za kukumbuka wokovu, inayoshukuru kwa miujiza, na baraka imeshafungwa, harudi. Muujiza wa siku fulani unasameheka. Mambo yanayowafanya wawe taifa hayasameheki, na nadhani tofauti hiyo inaeleza zaidi ya hotuba nyingi.

Baraka ya nne ndiyo ya kukaa nayo. Uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Roma ulianza mwaka 132, na mwaka 135 ngome ya Betar ikaanguka. Waliouawa walikatazwa kuzikwa. Kibali cha kuzika kilipotoka, Talmudi inasema, marabi wa mji wa Yavne waliweka baraka ya "aliye mwema na mtenda mema": mwema, kwa kuwa maiti hazikuoza, mtenda mema, kwa kuwa ziliruhusiwa kuzikwa. Hapakuwa na ushindi, nchi haikurudishwa, na Hekalu lilikuwa limeshachomwa tangu mwaka 70. Waliitafuta punje ya wema iliyobaki, wakaifunga kwenye mkate wa kila siku, mara tu baada ya kuombea Yerusalemu ijengwe upya. Anayedhani shukrani ya kidini ni kujifanya hakuna msiba na aisome baraka hii akijua ilikotoka.

Kabla ya hapo deni lililipwa kwa malimbuko. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ulio msingi wa Talmudi, katika kitabu cha Bikkurim inaeleza hatua kwa hatua: mkulima anashuka shambani, anaona tini ya kwanza kuiva, anaifunga kwa nyasi na kutamka kwamba hii ni malimbuko. Kisha anaipeleka Yerusalemu ndani ya kikapu na kusoma tamko la Kumbukumbu 26, linaloanza na babu mhamaji, likapita utumwa wa Misri, ndipo likafika kwenye tunda. Hata aliyezaliwa karne nyingi baadaye husema Wamisri "walitutenda" vibaya. Utaratibu huu ulikwama kwa sababu ya kibinadamu kabisa: aliyejua kusoma alisoma mwenyewe, asiyejua alitamkishwa, na wasiojua wakaona haya, wakaacha kuja. Dawa ikawa kuwatamkisha wote, mjuzi na asiyejua. Hekalu lilipoondoka, kikapu kiliondoka nalo, lakini tamko lilihamia mezani, na hadi leo aya zake hufafanuliwa usiku wa Pasaka.

Je, taifa likinyamaza? Talmudi, Sanhedrin 94a, ina jibu kali: Mungu alitaka kumfanya Hezekia, mfalme wa Yuda, kuwa Masihi, lakini jeshi la Senakeribu wa Ashuru lilipoondolewa Yerusalemu, mfalme hakuimba, na nafasi ikapita. Wahenga wetu walisema moyo usio na shukrani hukausha mema mengi. Hapa inayokaushwa ni historia nzima.

Hata hivyo si kila wokovu huimbiwa. Wimbo wa taifa lililookoka ni Haleli, Zaburi 113 hadi 118, na Pesachim 117a inasema manabii waliiweka isomwe Israeli wanapokombolewa kutoka kila taabu. Purimu haina Haleli. Megillah 14a inatoa sababu kadhaa, mojawapo ya mwanazuoni Rava: tungali watumwa wa Ahasuero, mfalme wa Uajemi. Waliokolewa wasiuawe, lakini hawakuwa huru.

Swali la wokovu gani unastahili Haleli lilirudi tarehe 5 Iyari 5708 ya kalenda ya Kiyahudi, yaani 14 Mei 1948, Israeli ilipotangaza uhuru. Wanaotaka Haleli husema hakuna kutoka utumwani kulikokuwa wazi kuliko huko. Wanaositasita hujibu kwamba Wayahudi wengi walikuwa bado wanaishi nje ya nchi, na kwamba siku ya tangazo haikumaliza hatari, kwani majeshi ya nchi jirani yaliingia siku iliyofuata. Wapo pia wasioiona dola isiyo ya kidini kuwa ukombozi hata kidogo. Kiini cha kisheria ni baraka ya ufunguzi: kuisoma pasipo wajibu ni kulitaja bure jina la Mungu, na kuiacha pale inapodaiwa ni kumfuata Hezekia. Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu ya uhuru huo baadhi ya masinagogi hufungua kwa baraka, mengine huanza moja kwa moja na Zaburi ya 113, na kwingine sala ni ileile ya siku yoyote ya wiki.