Dawa huru, dawa iliyoshikwa, na tindikali ya damu

Dawa ikishaingia kwenye damu haisafiri peke yake. Sehemu yake, mara nyingi iliyo kubwa, hunata kwenye protini za plazma, yale maji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikitengwa. Iliyonata haitibu wala haidhuru. Ni abiria aliye bado ndani ya basi. Iliyoshuka, yaani dawa huru, ndiyo inayopenya kuta za mishipa na kufika kwenye ubongo au moyo.

Protini zinazohusika hasa ni mbili. Albumini ndiyo nyingi, gramu 35 hadi 50 kwa lita moja ya plazma, na hushika sana dawa zenye asili ya tindikali kama warfarini (ya kuzuia damu kuganda), ibuprofeni (ya maumivu) na fenitoini (ya kifafa). Ya pili, glikoprotini asidi ya alfa-1, ni kidogo mno, lakini ndiyo hupendwa na dawa zenye asili ya alkali: kwinini, lidokaini, bupivakaini. Hiyo ya pili huongezeka mwili ukipambana na maambukizi, na ndiyo maana kwinini hushikwa zaidi katika damu ya mgonjwa wa malaria kuliko ya mtu mwenye afya.

Sasa tindikali. Hupimwa kwa pH, namba inayoshuka tindikali inapozidi. Damu ya mtu mzima wa afya huwa na pH ya 7.35 hadi 7.45. Ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 unaweza kudhani ni tofauti ya kupuuzwa, kumbe ioni za haidrojeni, zile chembe zinazoleta tindikali, zimeongezeka maradufu. Ioni hizi hugusa pande zote mbili. Kwenye protini huvamia sehemu zenye chaji hasi, na umbo la protini hubadilika kidogo. Kwenye dawa ya alkali huipa chaji chanya.

Chukua bupivakaini, dawa ya ganzi inayotumika sana wakati wa upasuaji wa uzazi. Kwenye pH ya 7.4, kama asilimia 17 yake haina chaji, kwenye 7.1 hubaki asilimia 9 tu. Kwa kawaida asilimia 95 hivi ya dawa hii imeshikwa na protini, na damu ikiwa na tindikali mshiko huo hulegea. Tuseme umeshuka hadi 90. Anayetazama upande wa iliyoshikwa ataona pengo dogo, ila dawa huru imetoka 5 hadi 10, imekuwa mara mbili, na kipimo cha dawa yote kwenye damu kinaweza kusomeka vilevile.

Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya ganzi ikizidi kwenye damu huleta degedege. Mgonjwa mwenye degedege hapumui vizuri, hewa ya ukaa inajazana, damu inazidi kuwa na tindikali, dawa huru inaongezeka, na moyo nao unaanza kuguswa. Kumsaidia kupumua na kumpa oksijeni mapema, basi, ni sehemu ya kuizuia sumu yenyewe.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba dawa za tindikali hufanya kinyume cha za alkali. Warfarini inaivuruga kanuni hiyo. Ni dawa ya tindikali, lakini, kama ilivyo kwa za alkali, albumini huishika kwa nguvu zaidi pH inapopanda kutoka 6 kuelekea 9, kwa sababu albumini yenyewe hubadili umbo katika masafa hayo. Kutazama chaji ya dawa peke yake ni kusoma nusu ya barua. Tena, kwa dawa nyingi, upungufu wa albumini au figo kushindwa kazi huongeza dawa huru kuliko pH inavyofanya. Fenitoini ni mfano mzuri: kwa kawaida asilimia 10 hivi ndiyo iliyo huru, na figo zikifeli inaweza kufika 20 au kuzidi.

Kuna mtego mwingine, huu wa maabara. Plazma ikiachwa wazi mezani, hewa ya ukaa hutoroka na pH hupanda, wakati mwingine kupita 8. Dawa ya alkali huonekana imeshikwa zaidi kuliko ilivyokuwa mwilini, na dawa huru husomeka kidogo kuliko kweli. Ndiyo sababu vipimo hivi hufanywa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, pH ikishikiliwa kwenye 7.4 kwa myeyusho maalumu au kwa kuongeza hewa ya ukaa ndani ya kabati la joto, na pH hiyo hupimwa tena kazi inapoisha.