Metro ya Dubai haina dereva, ila wenyewe wapo

Malalamiko kwamba milango ya Metro inafunga bila kungoja mtu yamezidi, na mengi yanatoka kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi hapa Dubai, basi ngoja tuelezane. Treni hizi zinajiendesha tangu siku ya kwanza, 9 Septemba 2009. Kuna wanaodhani kwa vile hakuna dereva basi hakuna anayewaona, jamani, kamera zipo na chumba cha kuongozea treni kina watu, ukibonyeza kitufe cha kuongea anakujibu binadamu.

Ila hakuna konda wa kugonga bodi. Treni inasimama mlango kwa mlango na ule ukuta wa vioo wa platifomu, mlio ukisikika milango inafunga, sasa wewe unaweka mguu au begi ili rafiki yako awahi, mlango unarudi, treni haiondoki na ya nyuma nayo inangoja, wakati treni nyingine inakuja baada ya dakika chache tu!

Anayeumia zaidi ni mwenye kitimwendo. Hana dereva wa kumwangalia kwenye kioo amsubiri, kwa hiyo apishwe aingie kwanza, na ile nafasi yake ndani msiijaze masanduku. Lifti ni ya yeye, wazee na mama wenye vigari vya watoto, wenye miguu mizima eskaleta hiyo hapo. Ule mstari wa vinundu sakafuni unamwongoza asiyeona, sio pa kuegesha mizigo.

Faini nazo (viwango vinaweza kubadilika, soma mabango): kubonyeza kitufe cha dharura bila sababu dirhamu 2,000, kusafiri bila kulipa nauli 200, mwanaume kuingia sehemu ya wanawake na watoto 100, kula au kunywa 100, hata chingamu inahesabika. Ukilipa kwa inspekta papo hapo dai risiti uitunze. "Sikujua" haifuti faini, tumeshaisikia sana.

Lakini msiogope kitufe hadi mkakaa kimya kwenye shida ya kweli. Mtoto akibaki platifomu na wewe umeshaondoka, usihangaike na mlango, bonyeza uongee, taja stesheni na nguo alizovaa, halafu shuka inayofuata umwone mhudumu. Hiyo ni dharura halali, haina faini.