Hakuna anayenunua sentrifuji kwa sababu ya picha

Mimi naendesha ukurasa wa mtandaoni wa wauzaji wa vifaa vya maabara, na juzi tena kikaoni nimeulizwa lile swali ninaloulizwa kila robo mwaka: "Ukurasa una wafuasi wote hawa, mbona hauuzi?" Na likafuatiwa na agizo lake la siku zote: wekeni picha ya bidhaa, wekeni bei, wekeni namba ya simu, basi. Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naliandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Vifaa vya maabara havinunuliwi kama viatu. Anayeshika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika, kutwa ni mtu mmoja, anayeamua inunuliwe pipeti ya aina gani ni mwingine, na anayesaini malipo ni wa tatu, ambaye pengine hajawahi kuvaa koti la maabara. Katikati yao kuna profoma tatu, yaani hati za bei za wauzaji, za kulinganisha, kuna kamati, kuna zabuni, kuna mwaka wa fedha unaofungwa kabla karatasi hazijatoka mezani kwa mtu. Aliyepiga laiki chapisho letu leo ni yule wa kwanza, na hana bajeti hata ya boksi moja la glavu. Lakini siku mkuu wake atakapomgeukia na kumuuliza, "Hizi ncha za pipeti zinavuja, tuchukue za nani?", atawataja watu waliomsaidia alipokwama. Hiyo inaweza kuwa miezi minane baadaye, na fomu ya oda haina mahali pa kuandika "niliwasoma mtandaoni".

Kwa hiyo mimi ukurasa nauendesha kama dirisha la kuulizia. Nieleze kwa mfano mmoja.

Saa nne usiku ujumbe unaingia kuhusu sentrifuji, mashine inayozungusha mirija ya sampuli kwa kasi ili mashapo yashuke kitako: "Nimezungusha 3000 kwa dakika 10 kama mwongozo unavyosema, mashapo hayajashuka. Mashine yenu ni mbovu?" Chini yake kuna picha. Mirija imeinuliwa kuelekea taa, kimiminika bado cheupe kama maji ya mchele, kitako kina utando mwembamba tu, na kidole gumba ndani ya glavu ya bluu kimeziba nusu ya lebo. Jibu la kiofisi lingekuwa "samahani kwa usumbufu, tafadhali wasiliana nasi saa za kazi". Mtu ana sampuli mkononi inayoharibika, unamwambia saa za kazi!

Nilimwambia achukue rula, azime mashine, afungue kifuniko, apime kutoka katikati ya mhimili mpaka pale kitako cha mrija kinapofika. Akarudi: sentimita 8. Mwongozo aliokuwa akiufuata uliandikwa kwenye maabara nyingine, yenye mashine kubwa ya mezani ambayo rota yake, ile sehemu inayobeba mirija na kuzunguka, ni sentimita 16 kwa kipimo hichohicho. Shida yote ilikuwa hapo. Mizunguko kwa dakika haikuambii sampuli imevutwa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu, ile tunayoiandika kwa g, ni 0.00001118 mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa 3000 kwenye rota ya sentimita 16 unapata takriban 1610 g. Kwa 3000 ileile kwenye rota ya sentimita 8 unapata 805, nusu yake kamili. Ili afikie ile 1610 alihitaji kama mizunguko 4240, na kabla ya hapo asome kwenye rota yenyewe na kwenye mirija yake kikomo ni kipi. Akazungusha. Baada ya robo saa akatuma picha ya pili: mashapo yamekaa kitako, maji ya juu yako safi.

Kesho yake nikaomba ruhusa yake, nikaficha lebo, nikazitoa picha zote mbili pamoja na hesabu. Laiki zilikuwa chache. Waliolihifadhi chapisho walikuwa wengi kuliko waliolipenda, na mimi hiyo ndiyo namba ninayoiangalia kwanza asubuhi. Mtu hapigi laiki kanuni ya sentrifuji. Anaihifadhi, kisha anamtumia mwenzake wa meza ya pili.

Naambiwa hii si biashara, ni ualimu. Ualimu wa namna hii umo ndani ya biashara yetu tangu zamani. Kampuni ya Aldrich, wauzaji wa kemikali za maabara, ilianzishwa Marekani mwaka 1951, na tangu 1968 ilikuwa ikichapisha jarida la kemia, Aldrichimica Acta, lenye makala za wanakemia kuhusu mbinu za usanisi, yaani kutengeneza kemikali, na wasomaji walilipata bure. Alfred Bader, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa mkusanyaji wa michoro ya kale na akaiweka kwenye majalada. Wanakemia walilitunza kwenye rafu pamoja na vitabu vyao, na kila walipolifungua jina la muuzaji lilikuwa pale. Sisi tumebadilisha karatasi kwa kioo cha simu tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: maelezo ya chini ya picha. Kuna watu wanaamini maneno ya chini ya picha ni mapambo, yeyote aliye karibu na simu anaweza kuandika. Wiki iliyopita nilifuta chapisho la wenzetu wa mauzo dakika kumi baada ya kutoka, na wamenuna mpaka leo. Picha ilikuwa nzuri, kabati linang'aa, taa inawaka. Maelezo yalisema: "Hudi ya kisasa kwa usalama wako." Lile halikuwa la usalama wako hata kidogo. Lilikuwa la mtiririko safi wa hewa wa mlalo, lile linalovuta hewa ya chumba, linaipitisha kwenye kichujio cha HEPA kinachonasa chembe ndogo sana, kisha linaipuliza juu ya kazi yako na moja kwa moja usoni kwako. Linalinda sampuli dhidi ya vumbi na vijidudu vyako. Wewe halikulindi. Mtu akiamini yale maelezo, akakaa mbele yake na makohozi ya mgonjwa wa kifua, kabati litampulizia ugonjwa.

Na huku kwetu vitu vitatu tofauti vyote vinaitwa hudi. Kabati la kufyonza mvuke linavuta hewa kutoka kwako kwenda nje ya jengo, linakulinda wewe dhidi ya asidi na vimumunyisho, na sampuli yako inapigwa na hewa chafu ya chumba. Meza ya hewa safi ndiyo hiyo niliyosema. Kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili linafanya yote mawili, linakulinda wewe na linalinda kazi. Lakini hata hilo ukimimina kloroformu ndani yake ukadhani HEPA itakuokoa, umepotea. HEPA hukamata chembe, asilimia 99.97 ya zile za mikromita 0.3. Mvuke wa kemikali unapita humo kana kwamba hakuna kitu, na kabati nyingi za aina hiyo hurudisha sehemu kubwa ya hewa chumbani. Haya yote ni tofauti ya neno moja kwenye maelezo ya picha. Ndiyo maana ninasoma kila neno kabla halijatoka, na ndiyo maana sitaacha.

Vivyo hivyo kwa picha zenyewe. Mkono usio na glavu karibu na chupa ya asidi hautoki. Miwani ya kinga iliyopandishwa kwenye paji la uso haitoki, hata kama uso umependeza. Kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita anajifunza kwa kuona kuliko kwa kusoma, na akituona sisi wauzaji tunafanya hivyo, atafanya hivyo.

Machapisho yanayosaidia watu zaidi ndiyo yale ambayo wakubwa huona hayana mvuto. Lililosambazwa kuliko yote mwaka huu lilikuwa la vitako vya plastiki: geuza chombo, tafuta pembetatu. Ukiona 5 au PP, hiyo ni polipropilini, inaingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, ya nyuzi 121 na kutoka salama. Ukiona 6 au PS, hiyo ni polistaireni, inaanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi, na utafungua mlango ukute sahani zako zimekunjana kama majani makavu. Ukiona 7 usikisie, maana namba hiyo hubeba plastiki nyingi tofauti. Mistari minne na picha ya sahani zilizokunjana. Halikuwa na bei.

Mwaka 2020, corona ilipofanya ncha za pipeti zenye vichujio ziadimike dunia nzima, tulikuwa tunatoa taarifa kila Jumatatu: hiki kipo, hiki hakipo, hiki tuliahidi na hakijafika. Mauzo walitaka tukae kimya mpaka mzigo uingie. Nilikataa. Mtu anayejua hatapata anaweza kupanga vipimo vyake na kuazima kwa jirani. Mtu anayesubiri ahadi anafunga kazi.

Kwenye shule tunafanya kosa la kuishia kwenye picha ya makabidhiano. Hadubini inakabidhiwa, watu wanapiga makofi, tunaondoka. Hadubini bila slaidi na vifuniko vyake vyembamba ni pambo la kabatini, na vile vifuniko huvunjika kila siku. Siku hizi siendi shule bila boksi la ziada, na kabla ya kitu kingine chochote namwomba mwanafunzi alete tone la maji ya dimbwi. Ukimya unaoingia darasani wa kwanza akiona paramisia, kijidudu cha majini cha seli moja, ikikatiza mbele ya jicho lake, huo hakuna tangazo litakaloununua. Ninachokataa katakata ni kuzipelekea shule kemikali zilizopitwa na muda kwa jina la msaada. Etha ya zamani hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka, na asidi ya pikriki iliyokauka ni kilipuzi. Huko ni kuhamishia taka zetu kwa watoto.

Yapo yanayoninyima usingizi. Ninapoeleza kwa nini ncha hafifu hazikai vizuri kwenye pipeti na kuharibu ujazo, ninasema kweli, lakini pia ninauza ncha. Msomaji hawezi kuona mpaka uko wapi, na wakati mwingine hata mimi siuoni. Ninachofanya ni kumpa njia ya kupima mwenyewe kwa mzani na maji yaliyokenekwa (distilled): mililita 1 kwenye nyuzi 20 ina uzito wa gramu 0.998, basi apime mara kumi aone pipeti yake inasemaje, hata kama itasema ncha za mshindani wetu zinatosha. Lingine ni hili: sina namna ya kuthibitisha kwamba yule mwenye mirija ya usiku ndiye aliyefanya taasisi yake ituletee oda. Naamini hivyo. Kwenye jedwali la robo mwaka imani haina safu, na mhasibu anayeniuliza ushahidi hanionei.

Wiki ijayo natoa video ya kupima rota. Itakuwa na rula, kalamu na rota tatu za ukubwa tofauti mezani. Kama una mashine ambayo mwongozo wake ulipotea, piga picha ya maandishi yaliyochongwa juu ya rota uitume, nitaitumia kwenye hesabu.