Mkopo kufutwa siyo kusamehewa, na mengine ambayo watu wanayachanganya kuhusu mikopo chechefu

Kila ikitoka taarifa kwamba benki fulani imefuta mikopo ya mabilioni, siku hiyo hiyo mijadala inawaka: wakubwa wamesameheana, kwa nini sisi wadogo tunasumbuliwa kwa simu, na yetu itafutwa lini. Hasira naielewa, ila nyingi imejengwa juu ya vitu ambavyo haviko hivyo. Nimechukua zile dhana ninazokutana nazo sana kuhusu mikopo chechefu, yaani ile ambayo hailipwi inavyotakiwa, baadhi ni za wateja na baadhi, niseme tu ukweli, ni za watu wa benki wenyewe.

DHANA: Benki ikifuta mkopo, mteja kasamehewa.

Hapana. Kufuta mkopo ni jambo la vitabu vya benki, halihusu mkataba wako. Kwa benki mkopo ni mali, na amana ulizoweka wewe ndo deni lake (hapo napo wengi wanageuza), sasa mkopo ukikaa muda mrefu haulipwi na matumaini ya kuupata ni madogo, benki haiwezi kuendelea kuuonyesha kwenye mizania (ile orodha ya mali na madeni yake) kama mali yenye thamani, itakuwa inawadanganya wanahisa na wenye amana. Kwa hiyo inautoa pale, inauweka kwenye rejista ya pembeni, afu watu wa kukusanya madeni wanaendelea na wewe kama kawaida, simu, barua ya wakili, mnada kama kuna cha kunadi. Jina lako linabaki na doa kwenye taarifa za mikopo. Na ukilipa miaka mitatu baadaye ile hela inaingia kwenye mapato ya benki kama marejesho ya mikopo iliyofutwa, kuna benki mwaka ukiwa mbaya huo mstari mmoja ndo unaokoa hesabu.

Msamaha ni kitu kingine, ni makubaliano ya maandishi kwamba ukilipa kiasi hiki, kilichobaki tunakuachia. Mara nyingi wanachoachia ni adhabu na sehemu ya riba, deni la msingi wanaling'ang'ania. Kama huna barua inayosema deni limefungwa, basi hujasamehewa, hata kama meneja alikwambia kwa mdomo usijali.

DHANA: Dhamana ipo, kwa hiyo mkopo uko salama.

Hii ndo dhana iliyoziumiza benki kuliko zote na bado kuna kamati za mikopo zinaiamini. Mkopo unalipwa na hela inayozunguka, mshahara au mauzo, basi. Dhamana ni mlango wa dharura, na kila aliyewahi kuutumia anajua unafunguka kwa tabu.

Chukua mkopo wa 100, nyumba ya dhamana imethaminiwa 150, kwenye karatasi umelala usingizi mzuri. Mteja anashindwa. Anaenda mahakamani kuzuia mnada, inapita miaka miwili. Siku ya mnada nyumba inauzwa pungufu kwa asilimia 30, kwa sababu wanunuzi wanajua unauza kwa lazima, na wengine wanaogopa nyumba ya mgogoro, unapata 105. Toa wakili, dalali, mlinzi, kodi zilizolimbikizwa, tuseme 10, umebaki na 95 ambayo umeipata baada ya miaka miwili. Ukiirudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inakuwa kama 72. Nyumba ya 150 imeokoa 72 kwenye deni la 100, na hapo ni pale kila kitu kimeenda sawa, hakuna mke aliyesema hakushirikishwa, hakuna hati mbili.

Afu kuna la pili ambalo halisemwi sana, dhamana inashuka thamani wakati ule ule unapoihitaji. Japani miaka ya 1980 benki zilikopesha sana kwa kuangalia bei ya ardhi, na bei ya ardhi ilikuwa inapanda kwa sababu benki zinakopesha, ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakopaji wakashindwa kulipa na dhamana zao zikaporomoka kwa pamoja. Usumbufu wa mikopo ile ulichukua zaidi ya muongo kuisha.

Afisa mikopo mzuri utamjua kwa anavyosoma taarifa ya akaunti, hakimbilii ripoti ya mthamini. Anaangalia hela zimeingia zikakaa au zimeingia asubuhi zikatoka jioni kwa mtu yule yule. Anaangalia kama mauzo yalivimba ghafla miezi miwili kabla ya maombi. Anaangalia kama kuna makato ya mkopo wa benki nyingine ambao mteja hakuutaja kwenye fomu. Mikopo mibovu mingi ilishaonekana pale, mtu hakusoma, au alisoma akaambiwa pitisha tu huyu ni wa bosi.

DHANA: Mkopo unakuwa mbovu siku mteja anapoacha kulipa.

Kipimo kinachojulikana dunia nzima ni siku 90, marejesho yakichelewa zaidi ya hapo mkopo unahesabiwa chechefu. Watu wanaishia hapo. Lakini Kamati ya Basel, ile ya kimataifa inayoweka viwango vya kusimamia benki, inaangalia kimojawapo kati ya vitu viwili, siku 90 AU dalili kwamba mteja hawezi kulipa deni lote bila benki kukimbilia dhamana. Ina maana mtu anaweza kuwa hajachelewa hata siku moja na mkopo wake tayari ni mbovu, kwa mfano kampuni iliyopoteza mteja wake mkubwa na sasa inalipa kwa kuuza mashine zake.

Na ndo hapa ujanja unapoanza. Siku ya 88 mteja anaitwa, anapewa topapu, yaani mkopo wa nyongeza juu ya ule alionao, ile topapu inalipa malimbikizo ya mkopo wa zamani, hesabu ya siku za kuchelewa inarudi sifuri, kila mtu anaenda nyumbani na furaha. Hakuna shilingi mpya iliyotoka kwenye biashara yake. Baada ya miezi sita deni ni kubwa zaidi na mteja ni yule yule dhaifu. Japani walifanya hivi kwa miaka, makampuni yaliyokuwa yamekufa yakaendelea kulishwa mikopo ili benki zisikiri hasara, mpaka yakapewa jina la makampuni zombi.

Msinielewe vibaya, kupanga upya mkopo siyo dhambi. Mteja ambaye biashara yake ni nzima ila malipo ya wateja wake yamechelewa, ukimwongezea muda mkagawana marejesho upya, analipa vizuri tu, na benki inapata zaidi kuliko mnadani. Tofauti iko kwenye swali moja, baada ya kupanga upya hela ya kulipa itatoka wapi? Kama jibu ni "tutaona", hapo mmeahirisha kilio. Ndo maana kanuni nyingi zinataka mkopo uliopangwa upya ubaki kwenye kundi la wabovu kwanza, mpaka mteja aonyeshe kwa muda kwamba analipa.

DHANA: Asilimia ya mikopo chechefu ikishuka, benki imepona.

Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa hesabu tu. Benki ina mikopo ya bilioni 1,000, mibovu bilioni 80, hiyo ni asilimia 8. Ikikopesha haraka haraka bilioni 600 mpya, mibovu bado ni 80 ila jumla ni 1,600, asilimia imeshuka mpaka 5 bila mteja hata mmoja kulipa. Na ile mikopo mipya haiwezi kuonekana mibovu mwezi wa kwanza, inahitaji muda wa kuoza. Njia nyingine ni kufuta, ukifuta bilioni 50 kwenye zile 80, inabaki 30 juu ya 950, kama asilimia 3.2, gazeti linaandika benki yaimarika. Kwa hiyo ukisoma hizi ripoti tafuta mikopo iliyofutwa mwaka huo, tafuta iliyopangwa upya, na angalia kasi ya kukopesha. Mimi benki inayokua kwa kasi sana inanitia wasiwasi kuliko ile yenye asilimia 6 imetulia.

Na sifuri nayo siyo sifa. Benki isiyo na mkopo mbovu kabisa ama haikopeshi, ama inaficha.

DHANA: Provisheni ni hela zimewekwa pembeni mahali.

Hakuna sefu. Provisheni, au tengo kama wahasibu wanavyoita, ni kukiri mapema kwamba sehemu ya mikopo haitarudi, unaipunguza kwenye faida ya mwaka na kwenye thamani ya mikopo. Zamani, chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IAS 39, benki zilisubiri mpaka tatizo litokee ndo ziandike hasara, msukosuko wa kifedha wa 2008 ukaonyesha kwamba hiyo ni kuchelewa mno. Tangu Januari 2018 ipo kanuni iliyochukua nafasi yake, IFRS 9, inayotaka hasara inayotarajiwa ihesabiwe tangu siku mkopo unatoka.

Hesabu yenyewe siyo ngumu. Mkopo wa milioni 100, uwezekano wa kushindwa ndani ya miezi 12 ni asilimia 2, akishindwa utapoteza asilimia 40, tengo lako ni laki 8. Hiyo ni hatua ya kwanza kati ya tatu za IFRS 9. Hatari ikipanda sana (kuchelewa siku 30 kunachukuliwa kuwa dalili, isipokuwa benki ithibitishe vinginevyo) unaingia hatua ya pili, sasa unahesabu maisha yote ya mkopo, uwezekano ukiwa asilimia 15 tengo linaruka mpaka milioni 6. Akishindwa kabisa, hatua ya tatu, ni milioni 40.

Sasa weka hiyo milioni 40 kwenye biashara. Kama benki inabaki na asilimia 4 kwa mwaka kwenye mikopo yake baada ya kulipa gharama ya hela, kufidia hasara ya mkopo huo mmoja inahitaji mapato ya mwaka mzima ya mikopo kumi kama huo inayolipwa vizuri, na hapo hujalipa mishahara wala umeme. Ndo sehemu ya ile riba unayolalamikia, wewe unayelipa vizuri unawalipia na wasiolipa, inakera ila ndivyo ilivyo.

DHANA: Wanaoua benki ni wateja wadogo wasio waaminifu.

Wadogo wanasumbua, gharama ya kuwafuatilia ni kubwa, lakini ukiwa nao elfu hamsini hawaanguki wote siku moja. Benki inauliwa na wachache wakubwa, sekta moja iliyobebwa kupita kiasi, na mikopo ya wakurugenzi na ndugu zao. Mfano wa kusoma ni Continental Illinois ya Chicago, ilikuwa kati ya benki kubwa kumi za Marekani. Ilinunua mikopo ya mafuta na gesi ya kama dola bilioni 1 kutoka benki ndogo ya Oklahoma iitwayo Penn Square, mikopo ambayo haikuikagua vizuri yenyewe. Penn Square ikafungwa Julai 1982, na mwaka 1984 wenye amana wakubwa wakakimbia Continental mpaka serikali ikabidi iiokoe. Kwa hatari ya kubeba wachache wakubwa, leo kanuni za Basel zinaweka kikomo kwamba mkopaji mmoja, pamoja na makampuni yaliyoungana naye, asizidi asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki. Hilo neno "yaliyoungana naye" ndo lenye kazi, maana mtu mmoja anaweza kuja na makampuni saba yenye wakurugenzi tofauti na namba ya simu moja.

DHANA: Benki inapenda kukamata mali za watu.

Hapana. Nyumba iliyokamatwa inahitaji ulinzi, haizalishi riba, na msimamizi wa benki kuu hapendi kuiona kwenye vitabu muda mrefu. Benki inataka hela. Ndo maana mteja anayekuja mwenyewe mwezi wa kwanza wa shida, na karatasi zake, anapata masharti ambayo yule aliyezima simu miezi minne hawezi kuyapata. Siyo huruma, ni kwamba mwezi wa kwanza bado kuna cha kuokoa.

DHANA: Mdhamini ni kama shahidi.

Shahidi hadaiwi. Mdhamini anadaiwa, na kwenye mikataba mingi benki haina haja ya kummaliza mkopaji kwanza ndo imgeukie, inaweza kuanza na yule mwenye mshahara. Soma kama udhamini wako una kikomo cha kiasi au ni wa madeni yote ya huyo mtu, ya sasa na yajayo. Ule wa pili unakufuata hata kwa topapu ambayo hukuisikia.

DHANA: Deni likiuzwa kwa kampuni nyingine, huna la kulipa kwa benki wala kwa hao wapya.

Deni linauzika, na benki huuza kwa bei pungufu sana ili zisafishe mizania. Malaysia waliunda Danaharta mwaka 1998 na China wakaunda kampuni nne mwaka 1999 kwa kazi hiyo hiyo ya kubeba mikopo mibovu ya mabenki. Kwako kinachobadilika ni unayemlipa tu. Kiasi kinabaki kile cha mkataba, hata kama mnunuzi kakinunua kwa senti kumi kwa kila shilingi, ingawa hiyo senti kumi ndo inamfanya awe tayari kujadiliana kuliko benki ilivyokuwa. Kabla hujatuma chochote omba taarifa ya maandishi kutoka benki yenyewe kwamba deni limehamishwa na limehamishiwa nani, maana matapeli wanaojifanya wakusanya madeni wapo wengi, na ukimlipa asiye mwenye deni lako, unaendelea kudaiwa.