Je, wajua? ChatGPT haijui ilichokiandika jana

Mei 2023, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas A&M–Commerce, Marekani, alibandika kazi za wanafunzi wake kwenye ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayojibu maswali na kutunga matini, na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. Ilipokubali, aliwaarifu wanafunzi kwamba kazi hizo zinapata sifuri. Baadhi yao walikuwa wameshamaliza masomo, na vyeti vyao vikazuiliwa kwa muda. Chuo kilipochunguza, wanafunzi kadhaa walisafishwa, kwa kuwa historia ya faili zao za Google Docs ilionyesha lini waliandika. Mmoja alijitokeza akakiri kuwa aliitumia.

Njia ile ina mantiki inayovutia. Ukitaka kujua nani kafanya jambo, muulize anayeshukiwa, hasa kama hana sababu ya kudanganya. Ndiyo maana baadhi ya wahadhiri huishika, na ndiyo maana inafaa kuelezwa kwa kirefu ni wapi inapokwama. Swali lile linachukulia kwamba ndani ya ChatGPT kuna ghala la kila ilichowahi kutunga, na kwamba ikiulizwa, hupekua humo kabla ya kujibu. Ghala hilo halipo. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, wameeleza kwamba programu yao haina namna ya kujua ni matini gani imetungwa na akili mnemba, na kwamba ikiulizwa "je, umeandika hii?" wakati mwingine hubuni jibu.

Kiini cha ChatGPT ni modeli ya lugha, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa namba uliotokana na kusomeshwa matini nyingi. Ikipewa maneno yaliyotangulia, modeli hukadiria kipande cha neno kinachofaa kufuata, halafu kinachofuata hicho, mpaka jibu likamilike. Mafunzo yakishaisha, namba zile hazibadiliki kwa sababu mtu fulani amepiga nayo soga. Mwanafunzi akiomba insha saa nne usiku, insha inatungwa na kutumwa, na ndani ya modeli haibaki alama yoyote ya tukio hilo.

Mfikirie fundi cherehani hodari ambaye kila mteja akitoka dukani, kumbukumbu ya shughuli ile inafutika. Ujuzi wa kushona anao wote. Nani alishonewa nini, hajui. Ukimletea shati na kumuuliza kama amelishona yeye, atageuza kola, atatazama mshono na kusema linafanana na kazi yake. Huko ni kukisia. Shati lolote lililoshonwa vizuri kwa mtindo wa kawaida litafanana na kazi yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alijifunza kwa kutazama mashati ya watu. Na bado fundi huyu ana nafuu kuliko modeli, maana anajua kwamba hakumbuki. Modeli hutoa tu maneno yanayoelekea kufuata swali lako, na namna ulivyouliza ni sehemu ya maneno yanayoamua jibu. Matoleo ya karibuni mara nyingi hukiri kwamba hayawezi kujua, jambo la kupongezwa, lakini ukiyasukuma kidogo, "si inaonekana kabisa ni kazi yako?", jibu linaweza kuyumba.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: mbona kampuni hutunza mazungumzo kwenye seva zake, na siku hizi programu hizi hukumbuka mambo ya mtumiaji? Ni kweli. Ila kumbukumbu hiyo imefungwa ndani ya akaunti ya mtumiaji huyo. Akaunti ya mwalimu haichungulii ya mwanafunzi.

Jambo hili si la kuamini kwa kuambiwa tu. Chukua aya uliyoiandika mwenyewe kabla ya 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Ibandike na uulize kama ni kazi yake. Kisha fungua mazungumzo mapya, bandika aya ileile, na useme: "Hii imeandikwa na binadamu, sivyo?" Linganisha majibu.

Zipo programu maalumu za utambuzi, nazo hufanya kazi kwa njia nyingine: hupima. Kipimo kimoja muhimu ni kutabirika kwa maneno. Nikiandika "haba na haba hujaza", umeshamalizia kabla sijafika. Nikiandika "haba na haba huchosha", unasimama kidogo. Mashine hupendelea neno linalotarajiwa, kwa hiyo matini isiyo na mshangao hutiliwa shaka. Lakini binadamu naye huandika yanayotarajiwa. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, imewahi kutambuliwa na programu hizi kuwa ni kazi ya mashine. Matini hiyo imenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba modeli inaijua kwa moyo, hivyo haina neno linaloishangaza.

Anayeumia zaidi ni yule anayeandika kwa lugha ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipa programu 7 za utambuzi insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine, na insha 89 zilishukiwa na angalau programu moja. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu bila tatizo. Mwenye msamiati mdogo hurudia maneno ya kawaida, na hicho ndicho programu ilichofundishwa kukishuku. Utafiti huo ulitoka 2023 na insha zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo asilimia hizo zisibandikwe kwa kila programu ya leo. Sababu yenyewe, hata hivyo, imo katika kile kinachopimwa.

OpenAI nao walitoa programu yao ya utambuzi Januari 2023. Kwa takwimu zao wenyewe, ilinasa asilimia 26 tu ya matini za mashine, huku ikizisingizia asilimia 9 za binadamu. Julai mwaka huohuo waliiondoa. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipiga hesabu nyingine: kikiwa na kazi 75,000 kwa mwaka, hata kosa la asilimia 1 lingetia doa kazi 750 zisizo na hatia. Agosti 2023 kikazima kitambuzi cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi.

Kwa mhadhiri mwenye shaka, ushahidi wa maana uko kwa mwanafunzi. Mwite, fungua ukurasa wa nne, muulize: "Umesema uhusiano huu ni wa wastani. Wastani kwa kipimo gani?" Aliyeandika atakuwa na la kusema, hata kwa kigugumizi. Omba rasimu na historia ya faili. Tafuta marejeo aliyoyataja, kwa sababu modeli wakati mwingine hubuni vichwa vya makala vinavyosikika vya kweli kabisa, na makala isiyokuwepo ni kosa linalosimama lenyewe, awe amelitunga nani. Haya yote huwa rahisi zaidi pale darasa lilipoelezwa mapema kinachoruhusiwa, tuseme kusahihisha sarufi, na kisichoruhusiwa.

Tena insha ile ni mali ya mwanafunzi, na mara nyingi ina jina lake na namba ya usajili. Katika huduma nyingi za bure, unachobandika kinaweza kutunzwa na kutumika kufundishia matoleo yajayo, isipokuwa mpangilio huo umezimwa. Mwalimu anayetaka msaada wa akili mnemba katika kusahihisha aondoe kwanza jina na namba, atumie huduma iliyoidhinishwa na chuo chake, na awaambie wanafunzi kwamba anafanya hivyo.