Almasi za kwenye kioo

Jumamosi, kijiweni Sinza, dogo mmoja alinionyesha gemu kwenye simu yake: almasi 999,999, ndizo fedha za humo. "Kaka, nimemaliza kazi." Simu alikuwa ameipitisha kwenye proksi, yaani programu inayokaa katikati ya simu na intaneti, iliyokuwa inakimbia kwenye laptopu yake, na kiskripti kifupi, mistari michache ya amri kwa lugha ya Python, kilikuwa kinasubiri jibu lenye salio kutoka kwenye seva, kompyuta ya wenye gemu, kinafuta 40 na kuandika hiyo namba ya kutisha. Nikamwambia haya, nunua hata kofia. Akabonyeza. Gemu ikazunguka kidogo, ikamwambia salio halitoshi. Alipoifunga na kuifungua upya bila proksi, 40.

Hiyo ndiyo dhana inayowapoteza wengi: kwamba namba ikibadilika njiani, mali nayo imebadilika. Ukweli ni kwamba hesabu anayo seva. Unaweza kuchukua karatasi yako ya deni ukaandika "nimelipa", ila daftari la Mangi liko palepale kaunta. Yapo magemu, hasa yaliyotengenezwa kizembe, ambayo simu ndiyo inayopeleka pointi na seva inaamini bila kuuliza. Huko skripti hufua dafu. Ndiyo maana hata watengenezaji wenyewe hutumia proksi kama mitmproxy kutafuta matundu yao kabla hujayatafuta wewe.

Wengine husema, "Proksi inaona kila kitu." Haioni. Kukimbia na kupiga risasi mara nyingi husafiri kwa UDP, njia ya kurusha data haraka bila kusubiri uthibitisho, na proksi ya kawaida ya wavuti haigusi huko. Yanayopita kwa HTTPS, njia ya wavuti yenye usiri, yamefungwa mpaka uweke kwenye simu cheti chako, kitambulisho cha kidijitali kinachoifanya iiamini proksi, na tangu Android 7, ya mwaka 2016, programu nyingi haziamini cheti ulichoweka mwenyewe isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Kwenye cheti ndipo ninapogomba. Vijana wanadhani ni faili tu, linapakuliwa Telegram pamoja na skripti, unabonyeza "sakinisha", basi. Mwenye ufunguo wa cheti hicho, mawasiliano yako yakipita kwake, anaweza kusoma unachofanya kwenye kivinjari, nywila zikiwemo. Na simu ni hiyohiyo yenye barua pepe na picha zako. Dogo, kwa haki yake, cheti alikuwa ametengeneza mwenyewe.

Halafu kuna wanaosema proksi inaondoa kukwamakwama kwa gemu. Tuseme seva iko London. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata kabla seva haijafikiri, na kebo ya baharini hainyooki. Proksi ni kituo kingine cha daladala katikati ya safari. Mei 2024 kebo za baharini za intaneti, SEACOM na EASSy, zilipokatika, sijui nani angetuokoa kwa skripti.

Kuhusu "simu yangu, kwa hiyo ruksa": akaunti inafungiwa bila maelezo marefu, na ukinasa mawasiliano ya jirani kwenye Wi-Fi ya pamoja, hapo unagongana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Dogo hakuizima laptopu. Alikuwa ameshasahau almasi, anashusha kwa kidole orodha ya maombi yaliyotumwa na simu yake, akasimama kwenye mstari mmoja: gemu ilikuwa inapeleka aina ya simu yake na lugha anayotumia kwenye seva ya matangazo. "Hii nayo," akauliza, "naweza kuibadilisha?"