Maji kwenye oili ya trekta kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mvua zikianza Lira na Masindi, Uganda, matrekta yaliyolala tangu Desemba huamshwa kwa haraka. Hapo ndipo oili iliyoingia maji, ya rangi ya chai ya maziwa, huonekana, na kila mtu huwa na lake la kusema.

“Gasketi ya hedi imekufa.” Yaani kizibo kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na bloku. Neno hili ndilo linalowamalizia wakulima pesa. Huenda ni kweli, ila si lazima. Trekta lililokaa nje, bomba la moshi likitazama juu bila kifuniko, huingiza mvua: maji hupita kwenye vali iliyobaki wazi, huingia silinda, kisha huteremka kandokando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Joto la mchana na ubaridi wa usiku nao hutengeneza matone ndani ya injini, hasa ile inayowashwa dakika chache na kuzimwa. Na kwenye injini ambazo slivu zake, mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, mipira ya chini ya slivu ikizeeka huvujia sampuni moja kwa moja. Gasketi mpya haiponyi hata kimoja kati ya hivi. Tazama rejeta kwanza. Maji yake yasipopungua, shuku mvua au unyevu. Yakipungua kila siku ya kazi, basi zungumza na fundi juu ya gasketi, slivu au hedi iliyopasuka, na mwambie athibitishe kabla hujanunua chochote.

“Lipige kazi, maji yatakauka.” Unyevu kidogo hutoka kweli injini ikichemka vizuri chini ya mzigo. Lakini oili iliyogeuka nyeupe yote haiwezi kuilinda kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zitalika. Tafadhali usiwashe injini. Maji yakiwa juu ya pistoni ni hatari zaidi: hayabanwi kama hewa, kwa hiyo ukistata unaweza kupinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki.

“Oili ni nyeusi, haina maji.” Maji ni mazito kuliko oili, hulala chini. Acha trekta usiku kucha mahali tambarare, asubuhi ulegeze plagi ya sampu taratibu. Kama yamo, yatatangulia kutoka.

“Oili imepanda kwenye dipstiki, injini iko sawa.” Hapana. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, haidanganyi: kilichoongezeka ni maji, au ni dizeli inayovuja kutoka pampu. Oili yenye dizeli haiwi nyeupe. Huwa nyepesi na hunuka dizeli.

Kuna pia wanaoona weupe kwenye oili ya haidroliki ya Massey Ferguson 135 wakakimbilia kufungua injini. Oili hiyo ni moja na ya giaboksi, wala haichanganyiki na ya injini. Kagua mpira wa mkono wa gia: ukichanika, mvua hupita hapo.

Maji yakiwa kwenye oili ya injini na chanzo kikishazibwa, mwaga oili yote, badilisha filta, weka oili ya bei nafuu, washa injini bila mzigo mpaka ipate moto, umwage tena. Ndipo uweke oili nzuri na filta nyingine mpya.